Glavu Mbili za Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Zelma alifungua zizi la Kalnieki, shamba la kwao, akawatoa ng'ombe saba na kuwapeleka malishoni ukingoni mwa msitu. Fimbo aliichomeka mgongoni, kwenye mkanda wa gauni. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Bonge la uzi wa sufu lilikaa mfukoni, na vidole vyake vilichezesha sindano tano za kufumia huku akitembea. Enzi hizo, huko Latvia, msichana aliyechunga ng'ombe mikono mitupu alihesabiwa mvivu, na wanawake waliopishana naye njiani hawakukawia kumwambia hivyo.

Zelma alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka huo kila mtu nyumbani kwao alikuwa akifuma, kwa sababu dada yake, Alvine, angeolewa vuli, viazi vikishachimbwa. Bibi harusi hakwenda kwa mumewe mikono mitupu. Alibeba kasha lililojaa glavu za sufu, na glavu hizo aliwagawia watu wote wa kule: mama mkwe, mashemeji, mashangazi, hata mwendesha gari la farasi lililomleta. Jozi nyingine aliziacha kisimani, kwenye jiko la mikate, kwenye mzinga wa nyuki na zizini, ili nyumba yote ijue kwamba amefika mtu wa kuitunza. Hazikuwa glavu za vidole vitano. Zilikuwa na mfuko mmoja wa vidole vinne na kijumba cha gumba kando yake, na zilijaa nyota na misalaba ya rangi.

Kasha la Alvine lilikuwa nusu tupu, na Zelma alijua kwa nini. Majira ya baridi yaliyopita yeye Zelma alishikwa na homa ya mapafu, akalala wiki tisa. Wiki zote hizo Alvine aliketi kando ya kitanda chake, akimnywesha maziwa ya moto yenye asali na kumkanda kifua. Usiku wa kufuma ukawa usiku wa kuuguza. Zelma alipopona alitaka kusema asante, lakini kila alipofungua kinywa neno lenyewe aliliona dogo mno, akalimeza.

"Basi kasha tutalijaza wote," Bibi Lavize, bibi yao, alisema siku moja wakila mkate na maziwa mgando. "Mimi nina miguu mibovu, lakini mikono ninayo. Nitafuma jozi ishirini. Mama yako kumi na tano. Alvine atamalizia zake. Na wewe, Zelma, jozi moja."

"Moja tu, Bibi? Mimi si mtoto!"

"Moja nzuri yatosha. Tena si ya mtu wa hivi hivi. Utamfumia Bibi Made, bibi yake Ansis, bwana harusi wetu."

"Yule asiyeona?"

"Macho ndiyo hayaoni," Bibi Lavize alijibu. "Usije ukadhani haoni kabisa. Sasa sikiliza. Gumba la mkono wa kushoto na gumba la mkono wa kulia hayakai upande mmoja. Ukifika kwenye gumba la pili, simama. Niletee nilione kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia, kweli. Kusikia hakukuwa na taabu.

Zelma alipika maganda ya vitunguu, akapaka uzi wake rangi ya manjano iliyoiva. Glavu ya kwanza aliifuma polepole, akiifumua kila alipokosea, na ilipokwisha hata yeye mwenyewe aliistaajabia. Nyota zilikaa sawasawa, na gumba lilisimama vizuri. Hakumwonyesha mtu. Alitaka siku ya siku watu washangae wote kwa pamoja.

Glavu ya pili alichelewa kuianza. Matunda ya msituni yaliiva, na nani angefuma huku mbele yake kichaka kimejaa matunda meusi matamu? Baadaye ikaja mvua, kisha viazi. Zilipobaki siku nne, Zelma aliweka glavu ya kwanza mapajani na kuanza kuifuatisha, kitanzi kwa kitanzi, safu kwa safu. Alipofika kwenye gumba alimkumbuka Bibi Lavize. Lakini Bibi angesema, fumua hapa, rekebisha pale, na siku zilikuwa zinakwisha. Halafu la kumwuliza Bibi lilikuwa lipi, wakati mfano alikuwa nao mapajani? Akaendelea kuiga.

Alikata uzi wa mwisho mchana wa siku iliyotangulia harusi. Akavaa glavu ya kwanza mkono wa kushoto. Ikamkaa. Akavaa ya pili mkono wa kulia, na gumba lake likakosa pa kuingia. Kijumba cha gumba kilikuwa upande wa kidole kidogo. Aliivua, akaigeuza, akaivaa tena. Sasa kijumba kilikuwa mgongoni mwa mkono. Aliiga glavu ya kwanza kwa uaminifu mno. Alikuwa amefuma mikono miwili ya kushoto.

Haraka haraka haina baraka, watu husema, na Zelma alilijua neno hilo tangu akiwa mdogo kama kijiti. Sasa lilimkalia kifuani.

"Zelma!" Alvine aliita kutoka chumbani. "Lete glavu zako, napanga kasha!"

Zelma aliingia. Jozi zote zilikuwa zimetandazwa kitandani kwa safu, kila moja imefungwa kwa uzi. Alvine alikuwa amesimama dirishani, akipigwa pini za gauni na mama yao.

"Ziweke pale mwanzo, penye nafasi ya Bibi Made," Alvine alisema bila kugeuka, kwa sababu ya pini. "Hujui nilivyo na hamu ya kuziona, mdogo wangu. Lakini nitaziona kesho, pamoja na watu wote."

Zelma alitazama safu ile. Mwisho kabisa kulikuwa na jozi ya buluu na nyeupe aliyoifuma Bibi Lavize, jozi ya kutundika zizini. Zizini nani angetazama? Zingening'inia msumarini, ng'ombe wazipumulie. Mikono yake ikafanya kazi haraka kuliko akili. Aliiweka jozi ya buluu mwanzo na ya manjano mwisho, kisha akatoka nje akaenda nyuma ya nyumba.

Kesho yake magari ya farasi yaliondoka Kalnieki kwa kengele na vigelegele. Bibi Lavize hakuweza kupanda gari kwa ajili ya miguu, akawapungia mlangoni. Walipofika Upmali, nyumbani kwa Ansis, Alvine alizungushwa na mama mkwe wake kila pembe. Akaweka glavu kisimani. Akaweka kwenye mzinga. Akaingia zizini, akatundika jozi yake msumarini bila kuikagua, kwa kuwa watu walikuwa wakimsukuma na kucheka. Kisha wote wakaketi mezani kwa mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe, na zawadi za watu zikaanza kugawiwa.

Bibi Made alipewa za kwanza. Alikuwa kikongwe mdogo, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alizipapasa glavu zile za buluu nje, akaingiza vidole akazipapasa ndani, mara mbili.

"Nani kafuma?"

"Mdogo wangu, Zelma," Alvine alisema kutoka upande wa pili wa meza, asikoziona vizuri glavu zenyewe, na furaha yake ilisikika na watu wote. "Ana miaka kumi na miwili tu!"

Mama yao alizitazama glavu zile, akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, lakini hapo hapo akaitwa jikoni.

"Umezifuma mwenyewe, mjukuu wangu?" Bibi Made aliuliza.

Zelma alihisi macho ya watu wote usoni pake. "Ndiyo, Bibi."

"Haya," Bibi Made alisema. "Asante."

"Mtoto huyu ni dhahabu!" alipaza sauti shangazi mmoja wa Ansis aitwaye Truda, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Aketi karibu na Bibi! Mpeni keki ya asali!"

Zelma aliketishwa penye heshima. Keki ya asali alikuwa akiiota tangu kiangazi, na sasa aliimega vipande vipande sahanini bila kuila.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Indrikis. Huyu alikuwa mchungaji wa Upmali kwa miaka thelathini, na kwa desturi ya nyumba ile glavu za zizini zilikuwa zake yeye anayewalisha ng'ombe. Zelma hakujua hilo. Alidhani hubaki msumarini.

"Jamani," Mzee Indrikis alisema, akiinua mikono yake miwili juu, "nimezeeka bila kujijua! Tazameni, mkono wangu wa kulia umekuwa wa kushoto!"

Kulia kwake gumba la manjano lilining'inia tupu pembeni, kama sikio la mbwa. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote, hakuwa na ubaya. Lakini harusini kule upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi hutaniana kwa nyimbo, na anayepata pa kushika haachii. Truda alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni.

"Ng'ombe wetu jificheni, mkamuaji kafika,
Mikono anayo miwili, yote kushoto yatoka!"

Wanawake wa Upmali walipokea kwa makofi, na Truda akazidisha:

"Kaka yetu pole sana, supu utainywa vipi?
Mwiko haujui mkono, wa kulia uko wapi?"

Kwa desturi, watu wa Kalnieki walipaswa kujibu kwa wimbo mkali zaidi. Hakuna aliyejibu. Wangejibu nini, na ushahidi ulikuwa umevaliwa mbele yao? Mama yao aliinamisha kichwa. Ansis alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Alvine aliitazama ile rangi ya manjano. Aliijua. Ni yeye aliyemwazima Zelma sufuria ya kupikia maganda ya vitunguu. Aligeuza macho taratibu hadi yakakutana na ya mdogo wake, na uso wake wote ukawa mwekundu. Kisha akasimama.

"Nisameheni," alisema. "Nilifuma kwa haraka. Ni kosa langu."

"Ehee! Mwenyewe kakubali!" Truda alipiga makofi. "Ansis, jifunze kupika!"

Zelma aliona kidevu cha dada yake kikitetemeka. Alikiona kidevu kile kile majira ya baridi, usiku ule homa ilipopanda sana na Alvine akawa anasema, "Si kitu, si kitu, utapona." Hata sasa, katika siku yake mwenyewe, mbele ya wageni ambao angeishi nao maisha yake yote, alikuwa akimfunika blanketi.

Miguu ya Zelma ilisimama yenyewe.

"Si kosa lake!" alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaikaza. "Glavu hizo nimefuma mimi. Bibi aliniambia nimwonyeshe gumba la pili, sikumwonyesha. Nilipoona nimekosea, nikabadilisha. Hizi za Bibi Made kafuma Bibi Lavize. Mimi nimedanganya. Dada Alvine hakujua chochote, na hakufuma kwa haraka hata jozi moja. Kasha lake lilipungua kwa sababu alikuwa akiniuguza mimi."

Truda alifunga kinywa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Zelma alilia pale pale, mikono ikining'inia, bila kujificha.

"Hatimaye," Bibi Made alisema. Alinyoosha mkono wake mkubwa, akaupata mkono wa Zelma, akavipapasa vidole. "Nilijua tangu mwanzo. Aliyefuma zile nilizopewa ana kidole kilichopinda kwa uzee, huvuta uzi kwa nguvu kila anapobadili sindano. Kidole chako kimenyooka kama jani la nyasi. Nilikuwa nakusubiri, mjukuu wangu. Nilianza kuogopa kwamba hutafika. Indrikis, hebu vua hizo."

"Lakini nimeshazipasha joto!" Mzee alilalamika.

"Vua!"

Watu walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha kawaida tu. Bibi Made alizipapasa glavu za manjano kwa muda mrefu, nje na ndani.

"Kazi nzuri," alisema. "Nyota zimenyooka, na ndani uzi haukukazwa. Tatizo ni gumba moja tu limepotea njia. Kesho asubuhi uje na sindano zako."

Harusi za kule huchukua siku tatu, kwa hiyo kesho yake asubuhi, wageni wakiwa bado wanapiga miayo, Zelma aliketi miguuni pa Bibi Made karibu na dirisha. Alifumua gumba lililokaa vibaya, akaziba tundu lake kwa sindano ya kushonea.

"Sasa hesabu vitanzi kutoka ukingoni, upande wa pili," Bibi Made alielekeza. "Umepata? Kata uzi hapo."

"Nikate?" Zelma alishtuka. "Glavu yote itafumuka!"

"Haifumuki. Kata kitanzi kimoja tu."

Zelma alifumba jicho moja, akakata. Glavu haikufumuka. Vitanzi vilifunguka taratibu kulia na kushoto, akavidaka kwa sindano kimoja kimoja, na kutoka hapo akaanza kufuma gumba jipya. Truda alipita na kahawa, akainama kutazama. "Hata mimi hilo silijui," alisema, akaketi chini naye ajifunze. Baada ya muda alimnong'oneza Zelma sikioni: "Nyimbo zangu za jana, mwanangu, ni utani tu. Dada yako nimeshamwomba radhi."

Gumba lilipokwisha, Bibi Made alizivaa glavu zote mbili. Kushoto ikakaa kushoto, kulia ikakaa kulia. Za buluu alimrushia Mzee Indrikis, naye akazipokea kwa mikono miwili na kuzitazama asiamini, kwa maana maisha yake yote hakuwahi kuvaa kitu kizuri namna ile.

"Za kwangu hizi pana kovu hapa," Bibi Made alisema, akipitisha kidole mahali palipozibwa.

"Samahani, Bibi."

"La, liache. Kila nikiligusa nitakumbuka aliyenifumia. Sikiliza, Zelma. Kila mfumaji hukosea, hata mimi. Kosa la sindano lina dawa yake, unakata na kufuma upya. Lakini uongo ni glavu unayoifuma wewe ikaenda kuvaliwa na mwingine. Jana uongo wako aliuvaa dada yako."

"Nimeona, Bibi."

"Na hizi ulizifuma kwa nini hasa? Mimi ulikuwa hunijui."

Zelma alifikiri. "Nilitaka kumshukuru Alvine. Sikujua kusema."

"Basi glavu zimekwisha," kikongwe alisema. "Nenda kaseme."

Alvine alikuwa zizini, akikamua ng'ombe wa nyumba yake mpya, kilemba cha mke kikiwa bado kipya kichwani. Zelma alisimama karibu na ule msumari mtupu.

"Dada," alisema. "Asante kwa majira ya baridi. Kwa wiki zote tisa. Na kwa jana."

Alvine aliacha kukamua. Alifuta mikono kwenye aproni, akamvuta mdogo wake kifuani. Ng'ombe aligeuza kichwa kuwatazama.

"Asante yangu nimeshaipata," Alvine alisema mwishowe. "Uliposimama mbele ya watu wote ukasema kweli, nilijua wiki zile tisa hazikupotea. Sasa shika ndoo hii, tukamue wote. Na utumie mikono yote miwili, ya kulia na ya kushoto."